Shahidi wa Karata ya Mtu Mmoja

Kuna watu wanaojua kukaa kimya, halafu kuna baba mkwe wa fundi cherehani. Tangu aletwe kuishi na mwanawe, baada ya kufiwa na mkewe, mzee huyo hajawahi kumaliza dakika tano bila kusema, kuuliza, au kuguna ile miguno inayodai jibu. Anauliza uzi wa kijani umetoka wapi. Anauliza kwa nini jirani wa ghorofa ya juu anaburuta viti. Anasikiliza redio, na redio ikisema mvua itanyesha anaibishia, kisha anamgeukia mkwewe kumwuliza yeye anaonaje.

Na mkwewe afanye nini? Baba wa mume haambiwi anyamaze. Anaambiwa "ndiyo, baba", anaambiwa "labda, baba", huku mguu uko kwenye pedali na meno yameumana. Mume mwenyewe ni dereva wa malori ya safari ndefu. Ndiye aliyemleta baba yake, akamwonyesha chumba cha binti yao aliye shule ya bweni, chenye kitanda kilichobandikwa stika za vipepeo, akamwekea mto mgongoni, akapanda lori akaenda zake. Akipiga simu neno lake ni moja tu: "Mvumilie mzee." Kuvumilia ukiwa umbali wa siku tatu za barabara ni rahisi sana.

Wiki hiyo, kati ya wiki zote, ndiyo haikuwa ya maongezi. Hospitali ilikuwa imefungua chumba kipya cha upasuaji, na mtunza stoo wake, mwanamke asiyejua kucheka, alimpa fundi kitambaa cha kijani cha magauni sitini ya madaktari. Yafike Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, stoo inapofungwa. Yakifika yote, tena yakiwa safi, ushonaji wa hospitali nzima kwa mwaka mzima ungekuwa wa fundi, hapo hapo nyumbani, chini ya dirisha lake. Yasipofika, angerudi kiwandani.

Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha mashati miaka tisa, na kwa miaka yote tisa alishona mikono ya kushoto. Ya kushoto tu. Ya kulia alishona mwingine, meza ya mbali, na shati zima fundi alikuwa akikutana nalo barabarani limevaliwa na mtu asiyemjua. Ukitaka kwenda chooni uliinua kadi nyekundu ukangoja msimamizi aitikie kwa kichwa. Siku alipotoka pale alikula kiapo kwamba harudi ng'o. Sasa kiapo hicho kilikuwa mikononi mwa magauni sitini.

Hesabu ilikuwa nyepesi: magauni kumi na mawili kwa siku, siku tano. Jumatatu alishona saba. Saba! Mengine matano yalikwenda na swali la uzi, swali la viti vya jirani, na hadithi moja ndefu kuhusu mtu aliyewahi kununua baiskeli isiyo na breki.

Jumanne asubuhi, akitafuta bobini ya uzi kwenye droo, mkono wake uligusa pakiti ya karata. Ilikuwa ya zamani, kona zimelegea. Alikuwa amejifunza kuzicheza peke yake mwaka aliolazwa wodini miezi miwili na mimba ya binti yake, daktari amemkataza hata kukanyaga sakafu. Karata zile zilimtunza akili. Akazitazama, akamtazama mzee aliyekuwa akifungua kinywa aulize jambo, na moyo ukamruka kwa matumaini.

"Baba, nikufundishe mchezo?"

"Mchezo gani?"

"Wa karata. Unachezwa na mtu mmoja."

"Mtu mmoja anacheza na nani?"

"Na karata zenyewe."

Mzee akafikiri. "Nani anashinda?"

"Ukizipanga zote, wewe. Zikigoma, zenyewe."

"Lete," mzee akasema.

Fundi akakaa naye kwenye meza ya chakula, juu ya kitambaa chake cha maua, akagawa huku akieleza. Safu saba. Ya kwanza karata moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, mpaka ya saba yenye saba. Zote zinalala kifudifudi isipokuwa ya mwisho katika kila safu, hiyo inatazama juu. Zinazobaki, ishirini na nne, zinawekwa pembeni kwenye fungu, nazo zimefunikwa. Kwenye safu unateremka kwa kubadilisha rangi: nane nyeusi inapokea saba nyekundu, saba nyekundu inapokea sita nyeusi. Ukihamisha karata na chini yake kuna iliyofunikwa, unaifunua. Ree, ile yenye alama moja, ikitokea unaipandisha juu, na hapo unajenga aina yake kwa kupanda, mbili, tatu, nne, mpaka mfalme. Safu ikibaki tupu, anayeruhusiwa kuingia ni mfalme peke yake. Ukikwama unafunua moja kutoka kwenye fungu. Kopa na uru nyekundu, shupaza na pau nyeusi, aina zote nne zikifika kwa wafalme wao, umeshinda.

Mzee alisikiliza kama mtu anayesomewa mkataba.

"Malkia akitaka kuingia safu tupu?"

"Haruhusiwi."

"Hata kama mfalme hayupo?"

"Hata kama hayupo, baba."

"Safi," mzee akasema kwa kuridhika kabisa. "Mchezo una utaratibu."

Fundi akarudi kwenye cherehani akiwa mwepesi kama karatasi. Akaunganisha bega, akaunganisha bega la pili. Akashika mkono wa gauni.

"Mkwe!"

"Naam, baba."

"Njoo."

Akaenda. Mzee alikuwa amehamisha tisa ya uru kwenda juu ya kumi ya shupaza, sawasawa kabisa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeikandamiza karata iliyofunikwa, kana kwamba ingeruka.

"Kuna nini?"

"Nataka kufunua."

"Funua, baba."

Akaifunua taratibu, akaiangalia, akamwangalia fundi. "Umeona?"

"Nimeona."

"Haya. Kaendelee na kazi."

Fundi akarudi. Akashona mkono nusu. "Mkwe!"

Siku hiyo aliitwa mara ishirini na tatu. Alizihesabu kwa sababu hasira inapenda hesabu. Mara ya kwanza alidhani mzee hajaelewa. Mara ya nne alieleza upya kwamba haulizwi mtu, unafunua tu. Mara ya tisa alijifanya hasikii, na mzee akamngoja na vidole vyake juu ya karata, bila kuita tena, mpaka fundi mwenyewe alishindwa na kule kungoja. Mara ya kumi na mbili alikaa.

"Baba, kwa nini hufunui peke yako?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini hatembei barabarani bila nguo.

"Mkwe, mimi nilikuwa stoo ya baruti."

Hilo fundi alilijua juu juu. Mzee alikuwa mtunza stoo kwenye machimbo ya mawe. Alichokuwa hajui ni jinsi stoo ya baruti inavyofunguliwa. Mlango wake ulikuwa na kufuli mbili, na funguo mbili mifukoni mwa watu wawili. Mmoja hawezi kuingia bila mwingine. Ndani, kila boksi lilifunuliwa na mmoja huku mwingine anatazama, na wote wawili wanasema kwa sauti walichokiona. Ukiwa peke yako hufunui kitu kilichofunikwa, hata kama ni boksi la misumari. Mkubwa wa machimbo aliwahi kuja peke yake, amechelewa, anafoka kwamba atamfukuza mtu, na mzee akakaa juu ya ngazi ya stoo mpaka mwenye ufunguo wa pili alipopatikana. Kuanzia siku hiyo wachimbaji walimwita Kufuli.

"Miaka thelathini na moja," mzee akasema, akanyoosha viganja vyake juu ya karata. "Hesabu. Vidole kumi."

"Lakini hizi ni karata, baba."

"Zimefunikwa," mzee akajibu, na kwake mjadala ukawa umekwisha.

Jambo hilo lingekuwa la kuchekesha sana kama lingekuwa nyumbani kwa mtu mwingine. Fundi alikuwa ametafuta katika dunia nzima mchezo mmoja usiohitaji mwenzi, akaupata, akamfundisha mtu mmoja katika dunia nzima asiyeweza kuucheza bila mwenzi. Zamani mzee alikuwa anauliza maswali, na swali unaweza kulijibu ukiwa umekaa. Sasa alihitaji uinuke. Jumanne ilikwisha na magauni manane.

Jumatano msoma mita wa maji alibisha hodi. Fundi alikuwa na pini mdomoni, hakuwahi hata kusema "subiri". Mzee akamfungulia, akamwonyesha mita jikoni, kisha akamkamata.

"Kijana, una dakika?"

Fundi alifurahi, na hilo linaonyesha hali yake ilivyokuwa mbaya. Akaona shahidi amepatikana, tena ana sare. Kilichotokea ni kwamba msoma mita naye alijua karata, au alidhani anajua, na hakuwa mtu wa kutazama tu.

"Mzee, weka nne hapo."

"Haifai. Nyekundu juu ya nyekundu."

"Kwetu inafaa."

"Kwenu wapi? Huu ni mchezo wa mtu mmoja."

"Sasa mbona umeniita?"

Wakabishana nusu saa nzima, mmoja anapiga meza kwa kiganja, mwingine kwa kalamu ya mita. Sindano ya fundi ikapita juu ya pini aliyosahau kuichomoa, ikavunjika, kipande kikaruka hadi kwenye kioo cha dirisha. Ilikuwa sindano yake ya mwisho ya kitambaa kizito. Akaenda dukani, akarudi. Msoma mita alikuwa ameondoka amenuna. Fundi akakaa, akatunga uzi, akainamisha kichwa, akapumua.

"Mkwe! Nataka kufunua!"

Hapo ndipo adabu ya miaka kumi na sita ya ndoa ilipokatika.

"Baba, karata si baruti!" Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. "Hazilipuki! Hakuna atakayekufa! Huu ni mchezo wa mtu mmoja, mmoja tu, na mtu mwenyewe ni wewe! Mimi nina magauni thelathini na sita hayajashonwa na Ijumaa ni keshokutwa, na nisipoyamaliza narudi kiwandani kushona mikono ya kushoto mpaka nizeeke! Unanisikia? Ya kushoto!"

Jirani wa juu, aliyekuwa akiburuta kiti, aliacha kuburuta.

Mzee akaondoa vidole vyake juu ya karata. "Sawa, mkwe," akasema. Alizikusanya zote, akazigonga mezani zikalingana, akaziweka katikati ya kitambaa cha maua, na mikono akaiweka magotini.

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti baba mkwe, wala hajawahi kumsikia mtu akifanya hivyo. Aliomba radhi mara mbili, na mara zote mbili mzee alijibu "sawa, mkwe", kwa upole uliomchoma kuliko matusi. Jioni, kwa kukosa la kufanya, akachukua karata, akazichanga, akampangia mzee mchezo mpya, safu saba, fungu pembeni. Bahati ilikuwa nzuri: saba ya pau na sita ya kopa zilikuwa zimelala wazi, jirani kabisa. Mtoto wa chekechea angeanza na hiyo.

"Kesho cheza huu, baba. Umeanza vizuri wenyewe."

Chakula walikula magotini ili meza isivurugwe.

Alhamisi ilikuwa siku ya ajabu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nyumba ilikuwa na sauti mbili tu, cherehani na karata. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwa fundi, na karata zake zikasikika zikichangwa, frrr, zikanyamaza, zikachangwa tena. Hakuuliza kitu. Hakuguna. Redio ilisema mvua itanyesha na hakuna aliyeibishia. Mara mbili tatu kule mezani kulikuwa kimya kirefu, na fundi akasimamisha pedali bila kukusudia, akatega sikio. Ikaja frrr, akaendelea. Uzi wa kijani ulimwishia mchana, akatunga mweupe, kwa kuwa mtunza stoo wa hospitali alikwishasema rangi ya uzi si hoja. Akashona, akashona, mpaka mwili ukawa unashona wenyewe na kichwa kiko mbali, kinatembea kwenye mwaka mzima wa kazi ya nyumbani. Jua lilipozama alikuwa amemaliza magauni ishirini na mawili, idadi ambayo hajawahi kuifikia maishani.

Kumbe mzee anaweza, aliwaza. Kumbe alihitaji kukemewa tu. Wazo hilo halikumpendeza, lakini alilala nalo.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, alikata uzi wa gauni la sitini. Akanyoosha mgongo mpaka ukalia. Akafunga magauni mafungu sita ya kumi kumi, na kwa moyo mweupe kabisa akaenda mezani kumshukuru baba mkwe wake na kuona amefikia wapi.

Saba ya pau ilikuwa pale pale. Sita ya kopa ilikuwa pale pale, jirani yake, inamngoja. Safu saba zilikuwa zimelala kama alivyozilaza mwenyewe Jumatano jioni, hakuna hata moja iliyoguswa. Mzee alikuwa na lile fungu la karata ishirini na nne mikononi, zote zimefunikwa, anazichanga.

"Baba, hujacheza?"

"Nilisubiri umalize kazi."

"Tangu juzi? Sasa siku mbili zote ulikuwa unafanya nini?"

"Nachanga."

"Unachanga tu?"

Mzee aliona aibu kidogo. "Nilipokuwa nikinyamaza, ulikuwa unasimamisha cherehani unasikiliza. Nikichanga, unashona." Akaziweka chini, akavikunja na kuvikunjua vidole vyake vilivyovimba kwenye viungo. "Ulisema una magauni thelathini na sita."

Fundi alikaa kwenye kiti kimoja cha mguu mbovu, ambacho hakikaliwi, na kiti kikamvumilia. Machozi yalimjaa na hasira nayo ikamjaa, kwa sababu mtu gani huyu, mtu gani kabisa, ambaye hata wema wake unakufanya utamani kumtikisa mabega? Angeweza kufunua! Angeweza kufunua moja tu, akacheza, akafurahi, na karata zikasikika vile vile!

"Nani amekagua?" mzee akauliza.

"Amekagua nini?"

"Mzigo."

"Mimi mwenyewe."

"Na wa pili?"

"Hakuna wa pili, baba. Nimeshona mwenyewe, nimekagua mwenyewe, nakwenda kutafuta pikipiki."

Mzee aliangalia tu yale mafungu sita karibu na mlango kwa jicho lile lile alilokuwa akiziangalia karata zilizofunikwa. Na fundi, ambaye saa moja kabla angeondoka zake, hakuweza. Akarudisha mafungu mezani pembeni ya zile safu, akayafungua, huku akijiambia kwamba ni adhabu ya Jumatano na aimalize upesi.

Mzee alikagua kama alivyokuwa akikagua baruti. Aliinua gauni, akapitisha kiganja kwenye mshono, akafunga kamba mbili za shingoni, akafunga kamba mbili za kiunoni, akasema kwa sauti, "Shingo, kiuno," na akangoja fundi aseme hivyo hivyo. Kila gauni. Kumi. Ishirini. Thelathini. Fundi aliangalia saa ya ukutani, saa ikamwangalia. Alihisi kichaa kinampanda kutoka miguuni.

"Shingo," mzee akasema kwenye la thelathini na tano. Akasimama.

"Kiuno," fundi akajibu kwa ajili yake, "haya, baba, kiuno, twende."

"Halina."

Akalinyakua. Halikuwa na kamba za kiunoni. Akanyakua la chini yake, nalo halina. Yalikuwa kumi na moja, yote ya mchana wa Alhamisi, ya ule wakati mtamu ambapo mwili ulikuwa unashona wenyewe. Kamba zenyewe, ishirini na mbili, zilikuwa kwenye kikapu miguuni pake, alizikalia siku nzima kama kuku. Angefika stoo, mtunza stoo yule angevuta gauni moja, na Jumatatu yeye angekuwa ameinua kadi nyekundu kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Saa saba na dakika ishirini," mzee akasema. "Kaa."

Akakaa. Mzee akasimama kando yake na kikapu, akawa anampa kamba moja moja, mwisho wake umeshakunjwa tayari kwa sindano. Hakuuliza uzi umetoka wapi. Walipofika kamba ya mwisho ilikuwa saa tisa na dakika tano, na mzee akakataa mzigo ufungwe mpaka yale kumi na moja yakaguliwe upya. Fundi alitaka kulia. "Shingo, kiuno," akasema. "Shingo, kiuno."

Alifika hospitali zimebaki dakika kumi na mbili. Mtunza stoo alichomoa magauni matatu kutoka katikati ya mafungu, kama anayechagua karata. Mawili kati yake yalikuwa na uzi mweupe kiunoni. Alivaa moja juu ya nguo zake, akafunga shingoni, akafunga kiunoni, akajivuta huku na huku, kamba zikashika.

"Jumatatu njoo na gari," akasema bila kutabasamu. "Kuna mashuka."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu alikuwa hana haraka tena ya kitu chochote. Mzee alikuwa mezani, mikono magotini, karata mbele yake. Fundi akavuta kile kiti kibovu, akakaa upande wa pili.

"Wamepokea?"

"Wamepokea, baba. Mwaka mzima."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Una kazi nyingine?"

"Leo sina. Cheza."

Mzee akaegemea mbele, akazitazama karata. Akatazama safu ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza. Sita ya kopa ilikuwa inang'aa hapo mbele ya pua yake. Saba ya pau ilikuwa kando yake. Mzee akakuna kidevu. Akatazama fungu. Dakika nzima ikapita, na nyingine, na fundi akahisi mkono wake unanyanyuka wenyewe juu ya meza.

"Baba, ile sita..."

"Mkwe." Mzee hakuinua macho. "Wewe ni shahidi. Shahidi haelekezi."

Fundi akaurudisha mkono, akaukalia. Akahesabu maua ya kitambaa cha meza, akafika thelathini na tisa. Hatimaye mzee akaichukua sita ya kopa, akailaza juu ya saba ya pau, na pale ilipotoka akaweka vidole vyake viwili vilivyovimba juu ya karata iliyofunikwa.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

Akaifunua. Ilikuwa tatu ya pau, haina pa kwenda. Wote wawili waliitazama.

"Tatu ya pau," mzee akasema.

"Tatu ya pau," fundi akasema.

Mzee akanyoosha viganja vyake juu ya meza, akavikagua vidole, vyote kumi vilikuwepo. "Ya pili," akasema, na fundi akasogeza kiti karibu.